Malaika Watatu wa Paul Klee Ndani ya Bomba la Kadibodi: Tathmini ya Seti ya Picha za Kuchapwa

Seti ninayoitathmini hapa ina picha tatu za kuchapwa, zote za malaika na zote za mchoraji Paul Klee, nayo huuzwa mtandaoni na duka moja la Ulaya ambalo sitalitaja jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si zake peke yake: faili za aina ileile, zenye makosa yaleyale, zinazunguka katika maduka mengi, na mnunuzi anayehama duka moja kwenda jingine aghalabu hubadilisha bei tu. Picha hizo ni "Angelus Novus" ya mwaka 1920, na mbili za mwaka 1939 ambazo kwa Kiswahili nitaziita "Malaika Msahaulifu" na "Mwombaji wa Umalaika". Nilizinunua kwa ajili ya chumba ninachofundishia uchoraji jijini Dar es Salaam, ambako wanafunzi hawana njia ya kuziona kazi zenyewe: ya kwanza iko Yerusalemu, ya pili iko Bern nchini Uswisi, na ya tatu iko New York. Bei ya seti nzima pamoja na usafirishaji ilikuwa yuro 78, na kwa mshahara wa mwalimu hicho si kiasi cha kufumbia macho. Ndiyo maana nimezikagua kwa makini kuliko ambavyo angezikagua mtu anayetafuta pambo la sebuleni.

Hukumu yangu kwa ufupi ni hii: "Malaika Msahaulifu" ni chapisho zuri sana, "Mwombaji wa Umalaika" ni la wastani, na "Angelus Novus", ambayo bila shaka ndiyo inayowavuta wanunuzi, ni baya. Tofauti hiyo haitokani na mashine wala karatasi, kwa kuwa zote tatu zimechapwa kwa mashine moja na juu ya karatasi ya aina moja. Inatokana na jinsi Klee alivyozitengeneza kazi hizo, na jinsi mtu aliyetayarisha faili alivyodhani kwamba kazi yake ni kuzisafisha.

Karatasi yenyewe ni jambo la kusifu bila masharti. Ni ya pamba, nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso usiong'aa na weupe uliotulia, tofauti na ule weupe wa kibuluu wa karatasi za ofisini. Wino ni wa chembe za rangi, si wa rangi iliyoyeyushwa, kwa hiyo hautoki kwa kuguswa na kidole chenye unyevu na hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Karatasi zote zina ukubwa mmoja, sentimita 40 kwa 30, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu kazi zenyewe hazilingani kwa ukubwa, na duka limetanguliza seti ipendeze ukutani kabla ya kuangalia kama inasema kweli. Zilifika zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi, zimetenganishwa kwa karatasi laini, na hazikuwa na mkunjo wowote. Ndani ya bomba kulikuwa pia na kipeperushi cha maelezo, ambacho nitakirudia, pamoja na "cheti cha uhalisi" chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Uhalisi wa nini, sikuelewa. Klee alifariki mwaka 1940, na katika nchi zinazolinda hakimiliki kwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii ulinzi huo ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2010. Tangu hapo yeyote mwenye faili na mashine anaruhusiwa kuchapa, na cheti cha aina hiyo kinathibitisha tu kwamba duka lina muhuri.

Kabla ya kuingia katika picha moja moja, inafaa kusema ni malaika wa namna gani hawa, kwa sababu anayetarajia malaika aliyezoea kumwona atadhani ameletewa kitu tofauti na alichoagiza. Sisi tuliolelewa hapa, iwe msikitini au kanisani, tunamjua malaika kuwa mtumishi asiyekosea. Jibrili hakupotea njia wala hakupunguza neno katika ujumbe aliotumwa. Israfili anasubiri amri ya kupuliza baragumu. Waandishi wawili, wa bega la kulia na wa bega la kushoto, hawaachi jambo likapita bila kuandikwa. Kalenda za parokia nazo humchora malaika mlinzi akiwa na mbawa nyeupe zilizonyooka, akiwavusha watoto wawili kwenye daraja bovu, na katika uso wake hakuna dalili yoyote ya wasiwasi. Malaika wa Klee ni kiumbe mwingine kabisa. Mmoja anasahau, mwingine bado anapapasa, mwingine bado hana sura nzuri, mwingine hajakamilika, mwingine yumo katika shule ya chekechea. Sifa hizi hazikubuniwa na wahakiki. Ndizo majina ambayo Klee mwenyewe aliwapa. Alikuwa na desturi ya kubandika michoro yake juu ya kadibodi na kuandika chini yake, kwa mkono wake, jina la kazi, mwaka na namba ya kazi katika orodha yake ya mwaka huo, na majina hayo ni sehemu ya kazi kama ilivyo mistari.

Wengi wa malaika hao ni wa miaka ya mwisho ya maisha yake, na hali aliyokuwa nayo wakati huo inaeleza mengi. Klee alizaliwa mwaka 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na mji wa Bern, lakini kwa kuwa baba yake alikuwa Mjerumani, naye alihesabiwa kuwa raia wa Ujerumani. Alifundisha katika Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu nchini Ujerumani, kwa takriban miaka kumi, kisha katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, hadi utawala wa Hitler ulipomwondoa kazini mwaka 1933. Mwishoni mwa mwaka huo akarudi Bern. Mwaka 1935 alianza kuugua maradhi ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa skleroderma, yanayoifanya ngozi kuwa ngumu na kudhuru viungo vya ndani. Mwaka 1937 serikali ya Ujerumani iliweka kazi zake 17 katika maonyesho ya kuidhihaki sanaa iliyoiita potofu, na kazi zake 102 zikaondolewa katika makumbusho ya umma ya nchi hiyo. Mwaka 1936 alikuwa ametengeneza kazi 25 tu. Mwaka 1939, mgonjwa na akijua kwamba hana muda mrefu, aliorodhesha kazi 1,253. Alikufa tarehe 29 Juni 1940 huko Muralto, kusini mwa Uswisi, ombi lake la uraia wa nchi aliyozaliwa likiwa halijakamilishwa. Sitaki kusema kwamba malaika wake ni shajara ya ugonjwa, kwa maana wana ucheshi mwingi mno kwa kazi hiyo. Lakini mtu aliyekataliwa na nchi moja, akisubiri kukubaliwa na nyingine, huku mwili wake mwenyewe ukimkazia, alikuwa na sababu za kutosha za kuchora viumbe walio nusu ya safari.

Sasa nije kwenye picha nzuri kuliko zote. "Malaika Msahaulifu" ni mchoro wa penseli, wenye sentimita 29.5 kwa 21, yaani karibu sawasawa na karatasi ya A4 ambayo kila mwanafunzi anaifahamu. Hapa duka limefanya jambo sahihi, pengine bila kukusudia: limechapa mchoro kwa ukubwa wake halisi na kuuzungushia ukingo mweupe mpana ili ujaze karatasi ya seti. Matokeo yake ni kwamba unapousogelea unasimama pale ambapo mkono wa Klee ulikuwa. Malaika ameinamisha kichwa, macho yameelekea chini, mdomo una tabasamu dogo la mtu aliyeulizwa jambo akagundua kwamba halikumbuki, na mikono imekutana mbele yake kwa namna ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mbawa zimekunjwa, hazina kazi. Mistari ni michache, na mtu aliyetayarisha faili hakuwa na cha kusafisha, kwa hiyo ameuacha mchoro ulivyo: punje za penseli zinaonekana, na pale ambapo mkono wa Klee ulikaza kidogo mstari unakuwa mweusi zaidi, kisha unalegea. Nilimpa mwanafunzi mmoja kijiti cha mbao na kumwomba aufuatishe mstari kwa juu, bila kugusa karatasi, na kuniambia bawa linaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Alirudia mara kadhaa na hakuweza kusema. Somo hilo la dakika chache juu ya kusema mengi kwa mistari michache lisingewezekana kwa picha ya kwenye simu, na kwangu linatosha kuhalalisha sehemu kubwa ya yuro zile 78.

Kasoro yake ni moja. Ule mstari wa maandishi ambao Klee aliuandika chini ya mchoro, wenye jina na namba, umekatwa, na mahali pake duka limechapa jina la msanii kwa herufi kubwa za mashine, upana mzima wa mchoro. Ni ubadilishanaji wa hasara. Nilimwambia fundi fremu afunike herufi hizo kwa kadi, naye akafanya hivyo bila kuuliza.

"Mwombaji wa Umalaika" ni kazi ngumu zaidi kuichapa, na sitalaumu duka kupita kiasi. Klee alichukua kipande cha gazeti, akakipaka rangi nyeusi, kisha juu yake akachora kwa penseli laini na nene umbo la kiumbe na mwezi mwandamo, akalijaza kwa rangi nyeupe nyepesi iliyochujuka. Kiumbe huyo amekaa gizani kama mtu aliyewasilisha barua ya maombi asubuhi na mapema na bado hajaitwa ndani. Hajulikani kama ni mzimu au mtoto aliyejifunika shuka, na uso wake unaonyesha kwamba hata yeye hana hakika na sifa zake. Uzuri wa kazi unategemea ule weusi, ambao si weusi mmoja: penseli inang'aa pale rangi isipong'aa, na chini ya rangi kuna gazeti. Katika chapisho hili weusi umekolezwa hadi ukawa sakafu moja bapa. Karatasi isiyong'aa, ambayo ilikuwa baraka kwa mchoro wa penseli tupu, hapa imekuwa kikwazo, kwa sababu mng'ao wa penseli haupo tena na mistari ya umbo inazama gizani katika sehemu za chini. Isitoshe, kazi hiyo ina urefu wa karibu sentimita 49, nayo imepunguzwa ili iingie katika karatasi ya sentimita 40. Bado ni picha yenye nguvu, na wanafunzi waliipenda kuliko nyingine zote, nadhani kwa sababu ya mwezi. Lakini aliyeiona kwa namna hii ajue kwamba ameona mpangilio wa picha, hajaona jinsi ilivyotengenezwa.

Nimeiacha "Angelus Novus" mwisho kwa sababu ina mambo mengi, na kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Klee aliitengeneza mwaka 1920 kwa mbinu aliyokuwa ameibuni mwenyewe muda mfupi kabla ya hapo. Alipaka rangi nyeusi ya mafuta upande mmoja wa karatasi, akailaza juu ya karatasi safi upande wenye rangi ukiwa chini, akaweka juu yake mchoro alioukamilisha, kisha akaifuatisha mistari ya mchoro huo kwa ncha ya chuma. Kila palipokandamizwa, rangi ilihamia kwenye karatasi ya chini, kama tulivyokuwa tukinakili stakabadhi kwa karatasi ya kaboni. Lakini mkono unaofuatisha mstari huegemea karatasi, na kila ulipoegemea rangi ilihamia pia: madoa, vivuli, michirizi na alama za kiganja zilibaki kuuzunguka mstari, bila msanii kuzitawala kikamilifu. Baada ya hapo alipaka rangi za maji juu yake. Mstari wa picha hiyo, kwa hiyo, haukuchorwa moja kwa moja mahali ulipo. Umepita katika karatasi nyingine kabla ya kufika, na umefika ukiwa na uchafu wa njiani. Malaika mwenyewe ana kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, nywele zilizojiviringa kama vipande vya karatasi, macho yanayotazama kando, mdomo uliofunguka na kuonyesha meno yaliyoachana, mikono iliyoinuliwa ambayo ndiyo mbawa zake, na miguu ya ndege. Madoa yanayomzunguka ndiyo hewa yake. Ukiyaondoa, anabaki katuni.

Duka limeyaondoa. Mandharinyuma ya chapisho hili yamelainishwa kwa programu ya kompyuta hadi yakawa na rangi moja ya machungwa, safi kuanzia juu hadi chini, ilhali katika picha yenyewe rangi ni ya hudhurungi na manjano iliyofifia, yenye mabaka na kingo zilizoiva zaidi. Mistari nayo imekazwa, ile midogo iliyokuwa imetawanyika imeunganishwa, na kutokana na hilo nywele za malaika zinaonekana zimepangwa na mtu mwenye subira. Ukubwa umeongezwa pia: kazi yenyewe ina sentimita 31.8 kwa 24.2, na hapa imevutwa ijaze sentimita 40 kwa 30, bila ukingo wowote, maana yake eneo lake limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Picha iliyokusudiwa kushikwa mkononi na kutazamwa kwa ukaribu imefanywa bango.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hayo, nalo ni la ukingo. Karatasi ya "Angelus Novus" imebandikwa juu ya karatasi nyingine, na ukingo wa karatasi hiyo ya chini unaonekana pande zote ukiwa na mistari midogo myeusi ya mchoro wa zamani. Kwa miongo mingi hakuna aliyejali sana ulikuwa mchoro gani, hadi mwaka 2015 msanii wa Kimarekani R. H. Quaytman alipoonyesha kwamba ni sura ya Martin Luther, mchoro wa kuchapwa wa karne ya 19 uliotokana na picha ya mchoraji Lucas Cranach. Malaika wa Klee, kwa maneno mengine, amemfunika kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa, na Klee aliacha ukingo uonekane. Je, alifanya hivyo kwa makusudi, au alichukua tu karatasi nzito iliyokuwa karibu? Wahakiki wanabishana, nami sioni haja ya kuamua. Ninachojua ni kwamba mtu anayeitazama kazi anapaswa kupewa nafasi ya kuujua mjadala huo, na chapisho hili limeukata ukingo wote, likamwacha malaika akielea bila chochote nyuma yake. Maduka mengine niliyoyapitia kabla ya kununua yanafanya vivyo hivyo. Ni machache sana yanayoonyesha ukingo huo katika picha za matangazo yao.

Hapa ndipo kipeperushi kinapoingia. Kinamweleza mnunuzi kwamba picha inamwonyesha malaika wa historia akirudishwa nyuma na dhoruba huku lundo la magofu likikua miguuni pake. Mnunuzi atatafuta dhoruba, atatafuta magofu, na hatayaona, kwa sababu hayapo. Maneno hayo yana asili yake kwa Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeinunua picha hiyo huko Munich mwaka 1921 kwa marki 1,000 na kuishi nayo karibu miaka 20. Mwanzoni alitaka jarida lake liitwe kwa jina la picha hiyo, lakini jarida halikutoka. Mwaka 1940, katika mojawapo ya maandishi yake ya mwisho, alimsoma malaika huyo kuwa ni mwenye uso uliogeukia yaliyopita, anayetamani kukaa na kuwaamsha wafu, lakini upepo mkali kutoka Peponi umenasa katika mbawa zake na unamsukuma kwenda mbele asikokutazama. Upepo huo, kwa Benjamin, ndio tunaouita maendeleo. Ni usomaji wenye nguvu za ajabu, na nimewahi kuona watu wanaoukumbuka neno kwa neno bila kuikumbuka picha. Lakini ni usomaji wa mtu mmoja aliyekuwa akikimbia vita. Kipeperushi kinaugeuza kuwa maelezo ya kilichochorwa, na hivyo kinamnyang'anya Benjamin ubunifu wake, na kinamnyang'anya Klee malaika ambaye, ukimtazama bila kuambiwa, anaonekana pia mwenye kushangaa, mwenye kuchekesha, na labda anayejaribu kuimba.

Safari ya karatasi yenyewe ingekuwa mada nzuri zaidi ya kipeperushi. Benjamin alipoikimbia Paris mwaka 1940 Wajerumani walipokaribia, picha na maandishi yake vilibaki mikononi mwa mwandishi Georges Bataille, aliyekuwa mfanyakazi wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na ambaye alivificha humo. Benjamin alifariki mwezi Septemba mwaka huo huko Portbou, katika mpaka wa Hispania, miezi mitatu hivi baada ya Klee. Baada ya vita picha ilifika kwa mwanafalsafa Theodor Adorno, kisha kwa Gershom Scholem, rafiki ambaye Benjamin alikuwa amemrithisha, na mwaka 1987 ikaingia katika Jumba la Makumbusho la Israeli. Kwa kuwa mwanga huiumiza, huonyeshwa kwa nadra, na hata anayesafiri hadi huko anaweza asiikute ukutani. Kwa sababu hiyo, nakala nzuri za kazi hii zina umuhimu kuliko nakala za michoro mingi, na kwa sababu hiyo hiyo nakala mbaya inaudhi zaidi.

Kipeperushi kinadai vilevile kwamba malaika wote wa sanaa ya kisasa wametokana na huyu. Hilo halisimami. Marc Chagall alianza picha yake ya malaika mwekundu anayeanguka mwaka 1923 na kuimaliza mwaka 1947, na haina deni lolote kwa Klee. Malaika wa chuma wa Antony Gormley huko Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, aliyesimamishwa mwaka 1998, ana urefu wa mita 20 na mbawa za mita 54 zilizonyooka kama za eropleni, na amezaliwa na migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya eneo lile. Msanii wa Kijerumani Anselm Kiefer, kwa upande wake, anadaiwa kweli: sanamu yake ya mwaka 1989 ya ndege ya kivita, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi na kubebeshwa vitabu vya madini hayohayo na mabua ya mipopi, inamwitikia malaika wa historia waziwazi. Lakini hata yeye anamwitikia Benjamin zaidi kuliko anavyomwitikia Klee.

Kwa wanunuzi wa pwani naongeza neno kuhusu fremu, kwa sababu karatasi ya pamba hunyonya unyevu na hewa yetu haina huruma. Mwombe fundi aweke kadi isiyo na asidi kuizunguka picha ili karatasi isigusane na kioo. Ikigusana nacho, unyevu wa masika utaigandisha na haitabanduka salama. Asitumie gundi nyuma ya karatasi nzima, bali aishikize kwa vipande vidogo juu tu, na nyuma ya fremu azibe kwa ubao uliokauka vizuri. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba wino haufifii. Fremu tatu kwa fundi wa mtaani, mti wa mninga na kioo cha kawaida, zilinigharimu chini ya bei ya seti yenyewe, na kazi yake haina dosari.

Je, seti inunuliwe? Kama ilivyo, hapana. Duka linauza pia kila picha peke yake kwa yuro 28, na kwa bei hiyo "Malaika Msahaulifu" anastahili kila senti. Anayemtaka "Angelus Novus" amuulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: je, picha inachapwa kwa ukubwa wake wa asili, na je, ukingo wa karatasi ya chini unaonekana? Niliwaandikia wauzaji wangu maswali hayohayo baada ya kupokea seti, nao wakanijibu kwa adabu kwamba wanaweza kuchapa toleo lenye ukingo kwa agizo maalumu, kwa yuro 55. Sijaagiza. Kwa karibu fedha hizo naweza kupata michoro mingine miwili ya penseli ya mwaka 1939, "Malaika wa Kengele" na yule wa chekechea, ambayo mtayarishaji wa faili hatakuwa na cha kulainisha.